Wakunga wakirudi semina, baada ya miezi michache mikono imesahau. Kwenu mnafanyaje?

MfawidhiLeba

Wadau, habari za jioni.

Nasimamia wodi ya wazazi kwenye hospitali moja ya wilaya huku Kanda ya Ziwa. Kwenye ratiba tuko wakunga kumi na mmoja, lakini ukitoa walio likizo, walio masomoni na anayekaimu kliniki ya mama na mtoto, zamu ya usiku anabaki mkunga mmoja na mhudumu wake. Mnaijua hali.

Mwaka jana mradi fulani ulituita mkoani kwa mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Tulipeleka watu watatu. Mafunzo yenyewe sina la kuyalaumu, waliofundisha walijua wanachofanya. Wakarudi na vyeti, mikoba na mdoli wa kufanyia mazoezi. Leo hii mmoja amehamia Dodoma kumfuata mume, mwingine yuko chuoni anasoma digrii, amebaki mmoja. Mdoli umefungiwa kabatini kwa patroni, mkuu wetu wa wauguzi, ufunguo anao yeye, kwa sababu ni mali ya serikali na umepigwa namba.

Juzi juzi usiku wa manane mtoto kazaliwa amechoka, hapumui. Aliyekuwa zamu ni huyuhuyu aliyebaki. Akamkausha, akamsugua mgongo, akanyonya makamasi, akanyonya tena, akamsugua tena. Alipokuja kuchukua ambu, ule mfuko wa kubonyeza wa kumpa mtoto hewa, dakika ya kwanza ambayo ndiyo ya kumpa hewa ilishapita zamani, na barakoa ikawa imelala upande, hewa inatokea shavuni. Bahati daktari alikuwa anatoka tieta, chumba cha upasuaji, akaingia akampa mtoto hewa, akalia. Mama na mtoto wameruhusiwa wakiwa wazima.

Asubuhi nikamwita pembeni, nikamwomba anitajie hatua. Akazitaja zote, moja baada ya nyingine, hakukosea hata moja. Yaani kichwani vitu vipo.

Sasa naomba mawazo ya watu walioyafanya, siyo ya kwenye makaratasi. Ujuzi unabakije wodini wakati watu wanahama kila mwaka? Nawafundishaje walio kazini bila kuwatoa kazini? Na hela ya semina nyingine sina.

---

KijanaWaZamu

Mkuu, tusizunguke. Ni posho. Watu wanaenda semina kwa sababu ya posho, ukiwaambia mafunzo yako hapa hapa wodini hakuna hata soda, utajikuta na mdoli wako peke yako. Nimeona mara nyingi. Anaanzisha mfawidhi kwa mbwembwe, wiki ya kwanza wanakuja wote, ya tatu wanakuja wanafunzi wa chuo tu.

---

BiMkungaMstaafu

Mwanangu mfawidhi, nimesoma nikacheka kidogo hapo kwenye kabati, maana kabati hilo nimelikuta kila nilikopita. Nimezalisha mpaka nikastaafu, na miaka ya mwisho kazi yangu ilikuwa kuzunguka vituo na hospitali nikiwaelekeza wakunga kazini kwao. Nitakueleza nilivyokuwa nafanya, utachukua linalokufaa.

Anza na mdoli. Nenda kwa patroni kwa heshima, mwambie unaomba mdoli ukae leba, juu ya meza ile ile ya kumhudumia mtoto, na wewe ndiye utakayesaini. Akihofia wizi, ufungwe mnyororo mguuni. Nimewahi kufanya hivyo kweli, na haukuibiwa. Mdoli ukiwa kabatini, kila zoezi linahitaji barua. Ukiwa mezani, mkunga anayesubiri mama afungue njia anaushika tu kwa sababu upo.

Muda wako ni pale zamu zinapopishana. Wa usiku hajaondoka, wa asubuhi ameshafika, ripoti imeisha. Hapo una watu wawili au watatu bila kumtoa mtu popote. Chukua dakika tatu, zikizidi sana tano. Wa usiku aanze yeye, amalize, aende zake akalale. Ukimweka asubiri wenzake wafanye kwanza, kesho atakuwa na dharura nyumbani.

Na usifundishe. Hapa ndipo wafawidhi wengi wanapokosea njia, wanaanza kusimulia hatua wakati mwenyewe umeshaona kwamba hatua wanazijua. Mfunike mdoli kwa kitenge kilicholowa, mkabidhi mkononi, mwambie: "Kazaliwa sasa hivi, halii." Basi, nyamaza. Mwenzake ashike simu yenye saa ya sekunde, asiseme lolote isipokuwa "thelathini" na "sitini". Ukisikia "sitini" na bado unanyonya makamasi, hakuna haja ya mtu kukugombeza, umejisikia mwenyewe.

Mdoli mnaopewa kwenye mafunzo hayo, kama ni ule wa NeoNatalie, ujazwe maji ya vuguvugu, kama lita mbili. Ukiwa mtupu ni mpira tu, unaurusha huku na huku. Ukiwa na maji unakuwa na uzito wa mtoto, shingo inalegea kama ya mtoto, kichwa kinakuponyoka usipokishika vizuri. Na kifua chake hakipandi mpaka uwe umekiweka kichwa sawa na kuibana barakoa. Usikivu wake ndio thamani yake. Mwache mkunga abonyeze ambu, aone kifua kimetulia tuli, atafute mwenyewe kosa liko wapi. Kidole gumba na cha shahada vinazunguka barakoa, vile vingine vitatu vinaushika mfupa wa taya na kuuvuta juu kuelekea barakoa. Wengi hukandamiza barakoa chini, wakadhani nguvu ndiyo itaziba. Ikikandamizwa, kidevu kinarudi ndani, njia inafunga. Na wengine vidole vinazama kwenye nyama laini chini ya kidevu, hapo pia unaziba. Ukiweka sikio karibu na shavu la mdoli unasikia pshiii, ujue ndiko inakotokea. Mtu akishaisikia hiyo pshiii na kuizima mwenyewe kwa kusogeza kidole kidogo tu, hiyo hutamfundisha tena kwa maneno.

Halafu ambu yenyewe. Kila zamu, anayeingia aijaribu: barakoa kwenye kiganja, bonyeza, usikie mkono unasukumwa na valvu ya usalama inapumua. Nasisitiza kwa sababu kuna kituo nilikuta ambu tatu safi, zinang'aa, na hakuna hata moja inayopeleka hewa. Zilikuwa zikifunguliwa kuoshwa, kile kiutando chembamba cha valvu kinabaki kwenye ndoo ya klorini na kumwagwa. Aliyekuwa anaosha ni mhudumu, na hakuna aliyewahi kumwonyesha zinavyorudishwa. Kwa hiyo mhudumu wako naye asimame mezani. Usiku yeye ndiye msaidizi pekee aliyepo. Ajue kuunganisha ambu, ajue kuhesabu sekunde, ajue wa kumpigia simu.

Watu wazima. Hili halisemwi lakini lipo. Mkunga aliyezalisha miaka ishirini hataki kushindwa mbele ya binti aliyemaliza chuo juzi. Ukimwaibisha mara moja mbele ya wanafunzi, hutamwona tena hapo mezani, na atawaambia wenzake kwamba ni mchezo wa watoto. Mpe mwenzake wa rika lake kwanza, wafanye wawili wakiwa peke yao. Baadaye mwombe yeye awe mshika saa. Mimi nilikuwa nampa daftari yule anayelalamika zaidi, aandike nani kafanya lini. Malalamiko yanapungua sana mtu akiwa na daftari.

Likitokea tukio la kweli, kama hilo la juzi, msisubiri kikao cha mwezi. Kabla zamu haijatawanyika mkae dakika kumi: mtoto alizaliwa saa ngapi, ambu ilishikwa saa ngapi, nani alikuwa wapi, nini hakikuwepo. Jina la mtu lisiandikwe. Mtakachokikuta hapo ndicho zoezi la wiki inayofuata. Kwako wewe wiki ijayo umeshalipata: wanasugua na kunyonya kwa muda mrefu mno kabla ya kumpa hewa. Ni kosa la kawaida sana, maana kunyonya makamasi mtu anajiona anafanya kazi.

Kuhusu wanaohama, usishindane na uhamisho, utashindwa. Weka kanuni mbili. Anayeondoka, wiki zake za mwisho ndiye anayeongoza mazoezi. Anayekuja hawekwi usiku peke yake mpaka amesimama mezani mara kadhaa na mwenzake akasaini. Hata akija na vyeti vya kujaza ukuta. Hii ya pili itakuletea maneno kwenye ratiba kwa sababu watu hawatoshi, lakini ishikilie hiyo kuliko zote.

---

KijanaWaZamu

Shikamoo Bi Mkunga. Nimekuelewa, ila hujagusa posho.

---

BiMkungaMstaafu

Marahaba mwanangu. Sijagusa kwa sababu haipo. Ukitangaza "mafunzo", watu watauliza bajeti, na wana haki, ndivyo miradi ilivyowazoesha. Mimi sikuwahi kuyaita mafunzo. Ilikuwa sehemu ya kupokeana zamu, kama kuhesabu vifaa na kukabidhiana dawa. Hakuna anayedai posho ya kupokea ripoti. Penye mfawidhi anayeanza yeye kushika mdoli mbele ya wote, niliona linashika. Penye mfawidhi anayesimama na kalamu akikagua, linakufa kama ulivyosema, wiki ya tatu.

Na mfawidhi aulize kuhusu pointi za kuhuisha leseni. Mazoezi ya kazini yakiwa na daftari na mratibu wa mafunzo wa hospitali akayapitisha, yanaweza kumsaidia mtu pale Baraza la Uuguzi na Ukunga linapotaka pointi. Wengine hilo linawavuta kuliko soda.

---

MsomaTakwimu

Naongezea kutoka upande wa utafiti, maana hili swali limewahi kupimwa hapa hapa kwetu, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Mbulu mkoani Manyara.

Mwaka 2010 walifanya kozi ya siku moja ya mpango ule ule wa kuwasaidia watoto kupumua, uliotayarishwa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani na wenzake. Watafiti wakawapima wakunga kwenye mdoli miezi kadhaa baadaye: ufanisi ulikuwa umepanda. Wakaenda kuangalia kinachofanyika chumba cha kujifungulia: hakikubadilika kama walivyotarajia. Ripoti ilitoka 2013. Yaani mkunga wa MfawidhiLeba hana tatizo la peke yake.

Kuanzia 2011 wakabadili utaratibu. Mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, wawili wawili, pale pale wodini, na marudio ya kama dakika arobaini kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Kilichonivutia zaidi ni kwamba watoto waliohitaji kupewa hewa kwa ambu walipungua, huku waliosisimuliwa mapema wakiongezeka. Wengi walianza kupumua kabla ya kufika kwenye ambu.

Baadaye mpango wa Safer Births ukachukua wazo hilo kwenye hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Vifo vya watoto tumboni na siku za mwanzo vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Lakini tusiupe mdoli sifa zote. Humo kulikuwa pia na vifaa vipya vya kusikiliza mapigo ya moyo ya mtoto, ambu za muundo mpya, na kila hospitali ilikuwa inaletewa takwimu zake yenyewe izijadili. Mimi naona hiyo ya mwisho inasahaulika. MTUHA namba 12, ile rejista ya wanaojifungua, unaijaza kila siku, MfawidhiLeba. Mara ya mwisho wakunga wako kukaa chini na kuisoma ilikuwa lini? Wanaijazia mkoa.

---

NesiMagharibi

Hamjambo nyote. Mimi niko Kenya, upande wa magharibi, hospitali ya kaunti ndogo. Kwetu majina ni tofauti lakini shida ni moja: inchaji anabadilishwa, mradi unaisha, kila kitu kinaanza upya.

Sisi tuliingia kwa mlango wa kuvuja damu baada ya kujifungua. Pengine mmesikia utafiti wa E-MOTIVE, ulifanyika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yakatoka 2023. Mama anawekewa mfuko wa plastiki wenye vipimo chini yake, damu inasomwa kwa mililita badala ya kukisiwa kwa macho, na ikifika kiwango, hatua zote zinafanywa kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, dawa ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, maji ya mshipa, na kuchunguza inakotoka. Kuvuja kukubwa na matokeo yake mabaya yalipungua kwa asilimia 60. Hapo Bi Mkunga atakubali kwamba hakuna hata dawa moja ngeni. Zote tulikuwa nazo.

Ninalotaka kusema ni la boksi. Vifaa vyote vya kuvuja damu viko kwenye boksi moja, na ndani ya kifuniko tumebandika hatua kwa maandishi makubwa. Mtu akisahau, boksi linamkumbusha. Mtu mpya akija kutoka wodi ya upasuaji, boksi linamfundisha. Kwa hiyo sehemu ya ujuzi tumeihamisha kutoka vichwani, tukaiweka mahali isipopata uhamisho. MfawidhiLeba, ukifika usiku mezani kwako pale, ambu iko wapi? Barakoa namba sifuri na namba moja zipo pamoja au moja iko droo nyingine? Kabla ya kumlaumu mkono wa huyo dada, hesabu hatua alizotembea kuifuata.

Na mazoezi tunafanya pia usiku, mara moja moja. Mchana kuna watu wanne wa kukukimbilia. Usiku ndipo unagundua simu ya zamu haina salio na daktari aliyeandikwa ukutani aliondoka mwaka juzi.

---

MfawidhiLeba

Ahsanteni sana, sikutegemea majibu haya. Shikamoo Bi Mkunga.

NesiMagharibi umenipata. Nimekwenda leo mchana kuangalia: ambu iko kwenye kabati la kioo upande wa pili wa kitanda cha tatu, barakoa ndogo iko kwenye bakuli lingine na haina alama. Orodha ya simu ukutani ina jina la daktari ambaye hata mimi sikumkuta.

Nimeongea na patroni. Kakubali mdoli utoke, ila anataka urudishwe ofisini kila Ijumaa. Nimekubali kwa sasa. Tumeanza asubuhi ya leo baada ya ripoti. Nilianza mimi, na nikiri "sitini" imefika nikiwa bado nageuza kitenge, wakacheka, basi ikawa rahisi kwa wengine. Yule dada wa usiku ule alifanya wa tatu. Mara mbili kifua hakikupanda, ya tatu kikapanda, akairudia mwenyewe bila kuambiwa mpaka nikamwambia aende nyumbani.

Maswali mawili. Nina mkunga mmoja mzee, kakataa katakata, anasema yeye ameokoa watoto kabla mdoli haujaundwa. Na ni kweli ameokoa. Nimfanyeje? La pili, wanafunzi wa chuo wako wengi asubuhi, wanazunguka meza mpaka wakunga hawana nafasi. Niwatoe?

---

BiMkungaMstaafu

Huyo mzee usimbembeleze wala usimripoti. Mwombe akusimulie usiku mmoja aliomwokoa mtoto, mbele ya wenzake, mdoli ukiwa mezani. Atakapofika pale alipompa hewa, mkono wake utaenda wenyewe kwenye ambu kuonyesha. Hapo hapo anayeshika saa aanze kuhesabu kimoyomoyo. Na msikilizeni kweli, kuna vitu anavyovijua kuhusu kumtuliza mama wakati mtoto halii ambavyo havimo kwenye chati yoyote.

Wanafunzi usiwatoe. Wape saa na daftari, wasimame nyuma. Mchana wodi ikitulia wafanye wao, wakisimamiwa na mkunga aliyefanya asubuhi. Anayesimamia anafanya mazoezi mara mbili bila kujua.

---

KijanaWaZamu

Haya, mimi niko hospitali nyingine lakini nimemwonyesha mfawidhi wetu uzi huu. Amesema mdoli wetu upo stoo, haijulikani stoo gani. Swali dogo kwa Bi: yale maji ya kwenye mdoli yanakaa humo muda gani?

---

BiMkungaMstaafu

Yamwageni kila mkimaliza siku, mdoli uning'inize ukauke ukiwa wazi. Ukiuacha na maji unaota ukungu ndani na hutaweza kuutoa. Na mkiupata huko stoo, kagueni kwanza kifua na kamba ya kitovu kabla hamjajaza, panya wanapenda mpira.